Boti Ikienda Mrama, Isilaumiwe Bahari

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Usemi huu umetufaa sana katika mambo ya utawala na ya nyumbani, lakini katika elimu ya vyombo vya majini hauna budi kuongezewa neno. Boti ndogo iendayo kasi, yenye tumbo la umbo la herufi V na injini ya kupachika nyuma, huweza kwenda mrama ikiwa na nahodha mmoja tu, bahari ikiwa shwari, na nahodha huyo akijitahidi kwa moyo wake wote kuituliza. Tena, kama nitakavyoonyesha, mara nyingi jitihada yake ndiyo inayouzidisha mrama huo.

Boti za namna hii si mali ya matajiri wa ng'ambo peke yao. Abiria huvushwa kwazo baina ya Mokowe na Lamu. Watalii, wavuvi, askari wa doria na wagonjwa husafirishwa kwazo katika visiwa vyetu na katika maziwa yetu makuu. Kwa hiyo jambo hili si la michezo tu. Ni jambo la uhai wa watu, na ni jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulielewa kwa kanuni za fizikia alizokwisha kufundishwa.

Maoni yangu ni haya matatu. Kwanza, mrama wa boti ya kasi una sababu zinazoweza kupimwa. Pili, dawa yake ya papo hapo ni kupunguza kasi, na dawa yake ya kudumu ni kukagua na kurekebisha chombo kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine. Tatu, ushujaa wa mshika usukani na vifaa vya kununua dukani visihesabiwe kuwa dawa mpaka ukaguzi huo umefanywa.

Tuanze na msingi. Boti iliyotulia hubebwa na nguvu ya kuelea, ambayo Arkimedi alitufundisha kuwa ni sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa na chombo. Ikianza kwenda polepole hufanya mawimbi, na kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo wimbi lake linavyorefuka. Mwendo wa wimbi katika maji ya kina, kwa mita kwa sekunde, hukaribia 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa wimbi kwa mita. Boti ya mita 6, basi, ikifikia mita 3 hivi kwa sekunde, yaani kilometa 11 kwa saa, huwa imefanya wimbi lenye urefu sawa na wake. Ikitaka kuzidi hapo ni kama inapanda kilima cha maji ilichojichimbia yenyewe. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyejenga bwawa la kupimia vielelezo vya meli huko Torquay katika miaka ya mwanzo ya 1870, ndiye aliyeyapa mahusiano haya ya urefu, mwendo na ukinzani msingi wa kisayansi tunaoutumia hadi leo.

Boti ya kasi hukiacha kilima hicho nyuma. Injini yake ina nguvu ya kutosha kuipandisha mpaka iteleze juu ya maji badala ya kuyapasua. Hapo mzigo mkubwa haubebwi tena na nguvu ya kuelea bali na kanieneo la maji yanayogonga tumbo la boti. Kanieneo hilo hutegemea nusu ya densiti ya maji ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Tuhesabu pamoja. Tukichukua densiti ya maji kuwa kilogramu 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde tunapata paskali 50,000. Kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilometa 72 kwa saa, tunapata paskali 200,000. Kasi imezidi mara mbili; kanieneo limezidi mara nne.

Lakini uzito wa boti na abiria wake haukubadilika hata kidogo. Kama mambo mengine yote yangebaki vile vile, eneo la tumbo linalohitajika kuibeba boti lingepungua hadi robo. Ndiyo maana boti ikizidi kukimbia huinuka, omo hutoka majini, pembe za ubavu hukauka, na sehemu inayogusa maji hubaki kuwa utepe mwembamba kando ya mkuku karibu na shetri. Boti iliyokuwa imekaa kitako sasa imesimama juu ya kidole. Hapa pana chanzo cha tatizo letu: kasi tunayoitafuta ndiyo inayotunyang'anya msingi wa kusimamia.

Mkulima wa baharini aliyechonga ngalawa alilijua tatizo la wembamba zamani, naye akalitatua kwa matengo ya pande mbili. Boti ya kasi haina matengo. Ikiinama upande mmoja, uso wa V wa upande huo huingia zaidi majini, hupata kanieneo zaidi, na hurudishwa. Ikirudi hupitiliza na kuinamia upande wa pili. Ikiwa maji yanayoigusa yanatosha kuumeza msukosuko huo, boti hutulia. Ikiwa hayatoshi, kila mrama huzaa mrama mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka ubavu unanasa majini, boti inageuka ghafla, na waliomo wanatupwa nje.

Mtu atauliza: kama umbo la V lina hatari hiyo, kwa nini tusirudi kwenye tumbo bapa? Jibu limo katika mawimbi. Tumbo bapa hutulia zaidi kwenye maji laini, lakini likikutana na wimbi hulipiga kama kofi, na kofi hilo huvunja mbao na migongo ya watu. Mbunifu Mmarekani Raymond Hunt aliuendeleza mtindo wa V yenye kina inayoendelea hadi shetri, badala ya V inayolala na kuwa bapa nyuma. Mwaka 1960 boti ya mtindo huo, iliyoitwa Moppie, ya Richard Bertram, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, na tangu hapo umbo hilo lilienea duniani. Hunt hakukosea. Alichagua. Alinunua upole juu ya mawimbi kwa bei ya utulivu wa ubavuni na ya nguvu zaidi ya injini. Mwanafunzi na alijue hili mapema: katika uhandisi hakuna umbo lisilo na malipo yake.

Pana msukosuko wa namna ya pili usiopaswa kuchanganywa na huu. Huo ni wa mbele na nyuma: omo huinuka na kuanguka, huinuka na kuanguka, boti ikirukaruka kama pomboo. Mara nyingi huletwa na uzito uliorundikwa nyuma mno au na injini iliyoinamishwa ikasukuma omo juu kupita kiasi. Mwaka 1964 Daniel Savitsky, wa maabara ya Davidson katika chuo cha Stevens huko New Jersey, alichapisha njia ya kukokotoa jinsi tumbo linaloteleza linavyobebwa, na njia hiyo ingali ikitumiwa na wabunifu. Funzo lake kuu kwetu ni kwamba kasi, pembe ya boti na maji, pembe ya V na mahali pa kitovu cha uzito ni ndugu wa nyumba moja. Ukimgusa mmoja, wote huamka.

Sasa nirudi kwa nahodha wetu. Boti inainama kushoto. Anazungusha usukani kuirudisha. Je, amefanya kosa? Nia yake ni njema, lakini wakati wake ni mbaya. Jicho linaona, ubongo unaamua, mkono unasogea, kebo inavuta, injini inageuka, maji yanajibu. Hayo yote huchukua muda. Tuseme boti inakwenda na kurudi mara moja kwa kila sekunde, na msaada wa usukani unachelewa kwa robo ya sekunde tu, yaani robo ya mzunguko. Hisabati ya msukosuko inaonyesha kwamba nguvu inayopinga mwinamo, ikichelewa robo ya mzunguko, huelekea kule kule boti inakokwenda. Haiizuii tena bali inaisukuma. Ni kama mtu anayetaka kuzuia pembea, naye anafika kila mara wakati wa kuisukuma. Kwa hiyo nahodha anayepigana na usukani anaweza kuwa anaulisha mrama kwa mkono wake mwenyewe.

Watakuwapo watakaonipinga. Watasema kwamba waendeshaji hodari wa boti za mashindano huzituliza boti zao kwa misogeo midogo midogo ya usukani, tena kwa kasi kubwa. Nakubali kwamba wapo. Lakini tuutazame ustadi wao. Wao hawajibu mwinamo, wanautangulia. Wameizoea boti moja, yenye uzito ule ule, mpaka wanajua itakachofanya kabla haijakifanya. Nahodha wa boti ya abiria leo amebeba watu wanne, kesho tisa, asubuhi tangi limejaa, jioni limebaki robo. Kumtaka awe mtabiri ni kumwonea, na kuwaweka abiria chini ya utabiri wake ni kuwaonea zaidi. Chombo cha watu wote kitulie kwa umbo na marekebisho yake, si kwa kipaji cha mtu mmoja.

Basi ifanyweje? Mrama ukianza, mafuta yapunguzwe kwa utaratibu na usukani ushikwe imara bila kuzungushwa huku na huku. Kasi ikishuka, tumbo huketi tena majini na msingi hurudi. Mafuta yasikatwe kwa ghafla, kwani omo litaanguka na waliomo watatupwa mbele. Hii ni huduma ya kwanza. Tiba hufanywa pwani, na ifuate mpango.

Ukaguzi wa kwanza uwe wa usukani. Boti ikiwa imefungwa na injini imezimwa, mtu mmoja aushike usukani usisogee, mwingine aitikise injini kushoto na kulia kwa mikono. Ikiwa injini inacheza, hapo pana mlango mkubwa wa mrama, kwa sababu injini inayocheza hubadilisha mwelekeo wa msukumo bila idhini ya nahodha, tena huongeza kule kuchelewa tulikokueleza. Kebo iliyolegea, pini iliyolika na boliti zisizokazwa zirekebishwe kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ukaguzi wa pili uwe wa mizigo. Betri, matangi, nanga na abiria wapangwe ili boti isilale upande mmoja wala isikae shetri. Ikumbukwe pia kwamba rafadha inayozunguka kuelekea kulia, ikitazamwa kutoka nyuma, huelekea kuiinamisha boti upande wa kushoto, kwa kanuni ya Newton ya kitendo na upinzani wake. Kwa hiyo mzigo kidogo upande wa kulia, kama vile nahodha mwenyewe, huweza kusaidia. Maji yaliyotuama ndani ya boti yatolewe yote: boti ikiinama, maji hayo hukimbilia upande ule ule na kuongeza uzito pale usipotakiwa. Madumu ya mafuta yasiyofungwa hufanya vivyo hivyo.

Ukaguzi wa tatu uwe wa tumbo. Boti igeuzwe au iinuliwe, na rula ndefu iliyonyooka iwekwe kando ya mkuku katika sehemu ya nyuma. Tumbo lililobonyea ndani karibu na shetri husukuma omo chini. Lililobinuka nje huvuta shetri chini na kualika kule kuruka kwa pomboo. Tumbo lisilolingana kushoto na kulia, kwa pigo la mwamba au kwa kiraka cha faibaglasi kilichowekwa ovyo, haliwezi kubebwa sawa na maji. Rafadha nayo itazamwe: bawa lililopinda hutikisa, na rafadha isiyolingana na boti huweza kuinua omo au shetri isivyofaa.

Ndipo tuje kwenye injini. Pembe yake ikitolewa nje, omo huinuka, eneo lililoloa hupungua na kasi huongezeka, lakini utulivu hupungua pia. Ikirudishwa ndani kidogo, omo hushuka na msingi hurefuka. Ikirudishwa ndani kupita kiasi, omo huchimba maji na boti huweza kugeuka ghafla. Vivyo hivyo kwa kimo cha injini: ikipandishwa mno, rafadha hunyonya hewa na maji ya kupozea injini huweza kukosekana. Kila badiliko lifanywe peke yake, katika maji matulivu, mbali na waogeleaji na vyombo vingine, na matokeo yaandikwe daftarini: kasi, mzigo, pembe, kimo, na kasi ambayo mrama ulianza. Anayebadilisha mambo matatu kwa siku moja, boti ikatulia, hajui kilichoituliza. Na ikiharibika tena hatajua pa kuanzia.

Baada ya hayo yote ndipo mtu afikirie mabamba ya kusawazisha yanayofungwa shetri, au mabawa madogo yanayopachikwa kwenye injini. Sivikatai vifaa hivi. Husaidia boti nzito kupanda juu ya maji, na huweza kupunguza kurukaruka. Lakini haviwezi kukaza pini iliyolegea wala kunyoosha tumbo lililopinda. Tena bamba lililoshushwa mno, au lisilolingana na mwenzake, kwa kasi kubwa huleta hatari mpya. Kununua bawa kabla ya kukagua usukani ni sawa na kumpa mgonjwa fimbo bila kumtoa mwiba mguuni.

Na ifahamike kwamba kila tumbo lina kikomo chake. Tarehe 4 Januari 1967, katika ziwa Coniston huko Uingereza, Donald Campbell alikuwa akitafuta rekodi ya kuzidi maili 300 kwa saa kwa boti yake Bluebird, iliyosukumwa na injini ya jeti. Boti hiyo haikuwa ya V kama zetu, na kasi yake ilikuwa ya kiwango kingine kabisa. Omo liliinuka, boti ikapaa na kupinduka, naye akafa. Palipo na kasi ya kutosha, hata hewa huingia katika hesabu ya kunyanyua. Boti zetu haziendi huko, lakini kanuni ni ile ile: kuongeza nguvu ya injini bila kuuliza kikomo cha tumbo ni kununua ajali kwa bei ghali.

Kwa sababu kikomo huweza kufikiwa kwa bahati mbaya, nahodha na ajifunge kamba ya kuzimia injini, na abiria wote wavae jaketi za kuokolea. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya shirikisho imewataka waendeshaji wa boti za chini ya futi 26 zilizo na swichi hiyo kuitumia zinapokwenda kasi. Kamba hiyo ni ya bei ndogo, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyetupwa majini harudiwi na rafadha ya boti yake mwenyewe.

Namalizia kwa walimu wenzangu. Somo la msukosuko mara nyingi tunalifundisha kwa bembea ya uzi na jiwe, mwanafunzi akahesabu muda, akaandika fomula, akasahau. Napendekeza tuongeze hatua moja. Mwanafunzi mmoja afungwe macho, mwenzake amwambie kila mara jiwe linakoelekea, naye ajaribu kulituliza kwa kulipuliza kwa mrija kufuata maneno hayo. Kisha mwenzake aambiwe achelewe kidogo kusema. Darasa litaona kwa macho yake jinsi msaada uliochelewa unavyoweza kuwa chokochoko. Baada ya hapo, mwalimu awaulize wanafunzi juu ya boti inayowavusha ndugu zao, na juu ya pini ya usukani wake.

Bahari haina uadui na mtu, wala haina urafiki. Hujibu tunachokifanya, kwa kanuni zisizobadilika. Chombo kikienda mrama, tusiilaumu bahari wala tusimsifu anayepambana nayo kwa mabavu. Tupunguze mwendo, turudi pwani, tushike rula na daftari.